Joto Linatoka Wapi

Wamama wa kanisa walikuja kumwombea mgonjwa, wakakuta kitanda kitupu.

Shuka limetandikwa, mto umepigwapigwa vizuri, dawa za presha ziko juu ya stuli, mgonjwa hayupo. Kathini alichungulia ukumbini, akabisha chooni, akaita, "Mama! Mama, tuna wageni!" Wageni wenyewe walikuwa wanne, wamevaa sare na vitambaa vyao vya kichwani, na jasho lilikuwa limeshawalowesha migongo hata kabla ya wimbo wa kwanza. Mwenyekiti wao, Mama Mbinya, ndiye aliyesukuma mlango wa jikoni.

"Yesu wangu!" akasema.

Bi Kavenya, mama mkwe wa Kathini, mwanamke wa miaka sabini na kitu, alikuwa amejilaza chini kati ya gunia la mahindi na jerikeni za maji. Alivaa shimizi tu, na shavu lake alikuwa amelibana kwenye saruji. Wote walidhani ameanguka, mmoja akaanza kulia.

"Niacheni," mzee alisema bila kufumbua macho. "Hapa ndipo penye ubaridi kidogo. Ombeni nikiwa hapa hapa. Mungu anaona mpaka jikoni."

Basi wakaomba, wamesimama wamebanana kati ya jiko la gesi na kabati, na maombi yalikuwa mafupi kuliko kawaida yao. Baadaye walikaa sebuleni kusubiri chai. Mama Mbinya alijipepea kwa kitabu cha nyimbo, akatazama kuta zilizopakwa rangi ya maziwa, akatazama juu kwenye mabati, akamwambia Kathini kwa upole ule unaochoma, "Nyumba nzuri, Mama Judy. Nyumba nzuri kabisa. Ila ni ya kukaa asubuhi tu."

Wenzake wakainama kuficha meno. Na kama vile feni ilikuwa ikingojea neno hilo, ikapunguza mwendo, ikajivuta, ikasimama. Token za umeme zimekwisha. Kathini alikuwa amenunua nyingine juzi tu, tena si chache. Wageni walimaliza chai haraka haraka wakaondoka, na mpaka wanafika barabarani alikuwa akisikia kicheko chao.

Aliporudi jikoni, Bi Kavenya ameshaketi, anafunga vifungo vya gauni.

"Nimempigia Kitonga," alisema. "Jumamosi anakuja kunichukua."

Kathini aliweka chini sinia la vikombe. Kitonga alikuwa mwana wa mwisho wa mzee, mkulima kule Mkongani, na hakuna ubaya wowote Mkongani isipokuwa mmoja: hospitali iko mbali. Presha ilipompanda mzee akiwa huko, mvua ilikuwa imeharibu njia, na alipofikishwa hospitalini Msambweni mdomo ulikuwa umeshapinda upande mmoja. Umerudi sasa, lakini daktari alimwambia Kathini pembeni, bila kuzunguka, kwamba safari nyingine kama ile mzee hataimaliza akiwa hai. Hapa kwa Musyoki, mume wa Kathini, pikipiki moja na umefika kwenye lango la hospitali.

Wako wanawake wanaoomba mchana na usiku mama mkwe afunge virago. Kathini hakuwa mmoja wao. Huyu mzee ndiye mtu wa pekee katika nyumba ile aliyecheka mizaha yake.

"Mama, subiri kidogo."

"Nisubiri nini? Niive?"


Musyoki alirudi jioni kutoka Diani, ambako alikuwa mtunza stoo wa hoteli moja. Aliposimuliwa mambo ya jikoni, hata kofia hakuvua.

"Mamangu? Kwa floor? Mbele ya Mama Mbinya?"

"Kwenye saruji, ndiyo."

"Basi imeisha. Naleta AC."

Hoteli ilikuwa ikikarabati vyumba, na viyoyozi vya zamani vilikuwa vinauzwa kwa wafanyakazi kwa kukatwa mshahara. Musyoki alieleza hayo akitembea huku na huku kati ya makochi, kifua mbele, kama mtu ambaye mashine imeshafungwa na inanguruma. Kathini alimwacha amalize.

"Na token?"

"Tutajua mbele."

"Baba Judy, feni tu inatumaliza. Hiyo mashine si itakula mpaka viti? Na karo ya Judy je?"

"Kathini, mimi siwezi kuambiwa nyumba yangu ni ya asubuhi! Nyumba ya mawe! Hapa skimu nzima ya makazi ni wangapi wako na nyumba ya mawe?"

Kathini aliliacha la mawe, kwa kuwa swali jingine lilikuwa limeshamkaa kooni. Yeye alikuwa na ugonjwa huo. Kitu kikimshangaza, hata ugali hauteremki mpaka ajue. "Lakini joto lenyewe linatoka wapi?" aliuliza.

Musyoki alimkodolea macho. "Linatoka kwa jua! Litoke wapi tena, Nairobi?"

"Jua liko kwa Bi Mwanapili pia, na ni ng'ambo ya ua tu. Mbona kwake wanalala mchana mpaka wanajifunika leso?"

"Bi Mwanapili anaishi kwa makuti," alisema Musyoki, na neno makuti alilitamka kama mtu anayetaja upele. Mazungumzo yakaishia hapo. Mlangoni mwa chumba cha nyuma, Bi Kavenya alikuwa amesimama na bilauri ya maji, hakuna aliyejua tangu lini.


Kesho yake Musyoki alipokwenda kazini, Kathini alitwaa kopo la mafuta ya kupikia, yale meupe magumu, akakata vipande ukubwa wa ndimu, akavipanga kwenye visahani. Kimoja alikipandisha juu ya kabati chumbani kwa mkwe wake, karibu kabisa na mabati. Cha pili akakiweka kitandani pa mzee. Cha tatu sebuleni, kwenye sakafu kando ya friji.

"Unafanya nini, mwanangu?" aliuliza Bi Kavenya.

"Nataka kujua joto linaingilia wapi. Pale mafuta yatakapoanza kuyeyuka, ndipo."

Mzee alifikiri. Halafu uso wake ukachangamka, mara ya kwanza tangu atoke hospitali. "Kimoja niwekee pale jikoni nilipolala. Nione kama mimi ndiye mjinga au ni hao waombaji."

Kisahani cha mwisho Kathini alikivusha ua. Bi Mwanapili alikuwa barazani kwake, miguu ameinyosha, anashona makuti. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Ua mzima ulikuwa umejaa mafungu yaliyokauka yanayongoja wanunuzi.

"Shikamoo, Bi Mwanapili."

"Marahaba, mwanangu. Mzee aamkaje?"

"Anaendelea, twashukuru. Nina ombi. Naomba kuweka kitu chumbani kwako, mpaka adhuhuri tu."

Bi Mwanapili alinyanyua macho. Akaona kisahani. Akaona pande jeupe la mafuta katikati ya kisahani. Mikono yake ikasita juu ya kuti.

"Astaghafirullah," alisema polepole. "Mama Judy. Mimi na wewe tumekosana lini?"

"Hatujakosana!"

"Mimi sina baya na mtu. Kama kuna mtu amekwambia neno juu yangu, mlete hapa tukabiliane. Lakini kitu kama hicho hakiingii ndani mwangu."

Kathini alitambua alichokifanya, damu ikampanda usoni. Mtu wa bara, asubuhi na mapema, anataka kuacha sahani ya mafuta chumbani kwa jirani! Ingekuwa yeye angepiga mayowe. Akajieleza haraka haraka, maneno yanagongana: joto, mabati, kabati, mzee, Jumamosi. Bi Mwanapili alimsikiliza kwa mashaka, halafu kwa mshangao, halafu akaangua kicheko mpaka akajifuta machozi kwa pembe ya leso.

"Lo! Na mimi nimeshaanza kusoma Ayatul Kursiy kimoyomoyo! Haya, lete mafuta yako. Lakini paka akiyala, usije ukaniuliza."


Kabla ya adhana ya adhuhuri, mafuta ya juu ya kabati yalikuwa yameshakuwa maji. Ya kitandani yalikuwa yamelegea, yamejilaza kama mtu aliyekata tamaa. Ya sakafuni jikoni yalikuwa yamesimama wima, na Bi Kavenya aliyaonyesha kwa kidole, ameshinda kesi. Bi Mwanapili alikuja mwenyewe na kisahani chake, amekibeba kwa mikono miwili. Pande lake lilikuwa gumu, kingo zake kali vile vile zilivyokatwa kwa kisu.

"Angalia basi," alisema. "Na paka hakuyagusa."

Kwa hiyo joto lilikuwa likishuka kutoka juu. Hilo Kathini alilitarajia. Kilichomshangaza ni kisahani cha sebuleni. Kilikuwa chini, sakafuni, mahali ambapo pangepaswa kuwa kama jikoni, na mafuta yake yalikuwa yametiririka yote upande mmoja, upande wa friji. Alipeleka mkono nyuma ya friji akautoa upesi. Moto!

"Hiki kitu ni cha baridi," alisema, "mbona mgongo wake una homa?"

Bi Mwanapili alikuwa ameinua kichwa anazichunguza kuta, anazunguka chumba kimoja baada ya kingine mikono nyuma, kama mnunuzi. "Mama Judy," aliuliza, "nyumba yenu inapumua wapi?"

"Inapumua?"

"Sisi juu ya ukuta tunaacha nafasi, upepo wa baharini unaingia hapa unatokea pale. Wenye mawe huacha matundu. Nyinyi mmeacha nini?"

Kathini alitazama. Chini ya mabati, katika kila ukuta, plasta ilikuwa na mabaka ya mraba yenye rangi tofauti kidogo. Alikuwa akiyaona kila siku na hakuwahi kuyauliza mara ya pili, yeye anayeuliza kila kitu. Matundu yalikuwepo. Yamezibwa kwa saruji.

Bi Kavenya alianza kutikisika mabega. "Aliyaziba Musyoki," alisema, anacheka kwa ndani. "Mlipohamia tu."

"Aliniambia ni kwa sababu ya nyoka."

"Nyoka gani anayepanda ukuta wa mawe! Ni majini. Aliambiwa na watu wa kwetu kwamba Pwani majini huingilia matunduni. Akaniapisha nisikwambie, kwa kuwa yeye ni mzee wa kanisa na haamini majini."

"Haamini," alisema Bi Mwanapili.

"Haamini hata kidogo. Aliwazibia tu."

Walicheka wote watatu mpaka Bi Kavenya ikabidi aketi. Ila Kathini alipomaliza kucheka alibaki na uchungu fulani. Miaka yote hii wameketi ndani ya chungu, wamefunika kifuniko wenyewe, halafu wananunua feni iwapepee humo humo.


Mwero, mtoto wa Bi Mwanapili, fundi wa kuezeka, alikuja mchana ule na patasi na nyundo. Alizibua matundu, akayawekea wavu wa mbu aliokuwa nao nyumbani, akataka malipo ya chakula tu. Tundu la mwisho lilipofunguka chumbani kwa mzee, pazia la mlangoni lilijiinua lenyewe. Walisimama wakalitazama likicheza. Bi Kavenya akasema, "Karibuni, majini," na Mwero ambaye hakujua habari hizo akamwangalia kwa hofu.

Friji ilikuwa jambo zito zaidi, kwa sababu friji ilikuwa fahari ya Kathini mwenyewe. Ilikaa sebuleni, kwenye ukuta wa magharibi, mahali ambapo kila mgeni anayeingia lazima aione. Juu yake kulikuwa na kitambaa alichokifuma kwa mkono, cheupe chenye maua mekundu, kinachoning'inia mpaka nyuma. Alikwenda kwenye kijisanduku cha token, akatazama kile kitaa chekundu kinachokonyeza umeme ukiliwa. Akazima kila kitu isipokuwa friji. Kitaa kikaendelea kukonyeza haraka haraka, hakipumziki. Akachomoa friji. Kitaa kikatulia.

"Mwizi ni wewe," aliiambia friji.

Mwero alichukua kipande cha gazeti, akakibana mlangoni mwa friji, akafunga. Kikaanguka chenyewe. "Mpira umeachia, Mama Judy. Baridi inatoka hapa. Halafu jua la jioni linaupiga huu ukuta, na nyuma umeifunika kwa shuka. Itapumzika saa ngapi? Kama ni mtu angeshakufa."

"Si shuka. Ni kitambaa."

"Kitambaa."

Walimsaidia kuisukuma hadi korido ya nyuma, penye kivuli, wakaiachia nafasi na ukuta. Mwero alikata ukanda wa tyubu ya baiskeli akauchomeka pale mpira ulipoachia. Sebule ilibaki na alama ya mraba sakafuni na upweke fulani. Kathini alikikunja kitambaa chake akakitia sandukuni, na asikwambie mtu, kilimuuma. Mgeni akiingia sasa ataona nini? Viti tu, kama nyumba ya mtu yeyote.

Jioni ile palikuwa na unafuu, lakini unafuu tu. Upepo uliingia, ndiyo, ila mabati yalikuwa bado yanashusha moto wao vile vile. Bi Kavenya alijaribu kitanda baada ya chakula cha mchana wa siku iliyofuata, akageuka, akageuka, akainuka, akachukua leso yake akaelekea jikoni.

"Umejitahidi, mwanangu," alisema. "Jumamosi si mbali."

Kathini alivuka ua bila kujibu. "Bi Mwanapili, tukiezeka makuti juu ya mabati itakuwaje?"

"Itakuwa nyumba," alijibu Bi Mwanapili. "Mwero ataweka kwanza fito, ili makuti yasigusane na bati, upepo upite katikati. Jiko lenu la kuni liko nje kule mbali, kwa hiyo moto siuogopi. Chumba cha mzee peke yake, elfu tano na ushee, na kazi ya Mwero humo humo."

Pesa hizo Kathini alikuwa nazo. Ilikuwa zamu yake kwenye chama cha kuchangiana pesa. Alichokuwa hana ni ruhusa. Alimpigia Musyoki kazini, akamweleza matundu, akamweleza friji, mpaka hapo mume akaitikia kwa kukohoa. Alipofika kwenye makuti, mume aliacha kukohoa.

"Makuti," Musyoki alirudia. "Juu ya mabati yangu ya bluu."

"Upande wa nyuma tu. Chumba cha mama."

"Kathini, mimi nilizaliwa kwa nyasi. Nimefanya kazi hii yote ili nitoke chini ya nyasi. Watu wakipita hapo watasema nini? Musyoki amefulia?"

"Barabara haioni upande wa nyuma."

"Mungu anaona."

"Basi Mungu ataona mama amelala!" Kathini alipaza sauti, na akajishangaa. Hakuwa na tabia hiyo. "Baba Judy, akienda Mkongani mama atakufa. Unajua na mimi najua. Atakufa njiani, kwa sababu mimi na wewe tunaogopa macho ya Mama Mbinya. Mimi friji yangu nimeitoa sebuleni. Wewe umetoa nini?"

Kwa Musyoki kulikuwa na kelele za stoo, makreti yanagongana, mtu anaitisha maziwa.

"AC nishasaini," Musyoki alisema kwa sauti ndogo. "Jumamosi naleta. Nyuma hapo fanya unavyotaka."

Akakata simu.


Jumamosi iliwakuta wote uani wakati mmoja, jua la saa saba likiwa utosini. Kitonga alifika kwanza kutoka Mkongani na gari la kukodi, amebeba mahindi mabichi na mto wa mamake wa zamani. Musyoki alifika nyuma yake kwa tuktuk, amekumbatia kiyoyozi kama mtoto mchanga, shati limemganda mwilini. Waliamkuana kwa ubaridi. Mmoja amekuja kumchukua mama, mwingine amekuja kumzuia, na kila mmoja alijua la mwenzake.

"Mama yuko jikoni?" aliuliza Musyoki.

"Hayuko jikoni," alisema Kathini.

"Yuko wapi basi na jua hili?"

Kathini aliweka kidole mdomoni. Wakazunguka naye nyuma ya nyumba. Pale paa lilikuwa limebadilika, makuti yamelala tabaka juu ya tabaka, bado mengine yana ukijani, yanakaribia kufunika dirisha. Musyoki aliyatazama akafinya uso. Aliiweka mashine chini mlangoni mwa chumba, akasukuma pazia.

Bi Kavenya alikuwa kitandani. Amelala chali, mdomo wazi kidogo, leso ameivuta mpaka kifuani, na anakoroma. Feni ilikuwa imezimwa. Wanawe wawili walisimama mlangoni, wanaume wazima, hakuna aliyethubutu kuingia na viatu. Musyoki alinyoosha mkono juu ya kichwa chake, kuelekea mabatini, akauacha hapo kupima joto. Akaushusha. Akaunyoosha tena.

"Tumwamshe," alinong'ona Kitonga. "Dereva ananingoja."

"Umwamshe wewe."

"Ni wewe uliye mkubwa."

"Nimeamka zamani," alisema mzee, macho yamefumba. "Mnanong'ona kama mafahali."

Aliketi taratibu, akajifunga leso, akawatazama mmoja mmoja. Macho yake yakaenda kwenye ile mashine nyeupe mlangoni.

"Ndiyo hiyo?"

"Ndiyo hiyo, Mama," alisema Musyoki. "Hata bila makuti ungekuwa sawa. Kwa hivyo usiende Mkongani. Nimekuletea."

"Wanakukata mshahara mpaka lini?"

Musyoki alisita. "Si muda mrefu."

"Nilikuwa nimesimama pale na bilauri ya maji. Nilisikia mshahara, nikasikia karo ya Judy." Akavuta pumzi. "Joto ningelivumilia, Musyoki. Nililala jikoni na ningeendelea kulala jikoni. Nilimpigia Kitonga kwa sababu ya zile token. Kila feni ikizima nilikuwa naona mkeo anatafuta pochi, wewe unafunga uso, na nikasema, hapa sasa mtoto wa mtu atakosa shule ili mimi nipate upepo. Halafu ndio ukasema utaleta hiyo. Ningekaaje? Ningekaa kwa uso gani?"

Kathini alikuwa nyuma yao, na machozi yalimtoka hapo hapo wala hakuyaficha. Kumbe siku zote alikuwa akilisaka joto la mabati, na mzee alikuwa anaungua kwa jingine. Kitonga alitazama miguu yake. Musyoki aliketi chini, juu ya kiyoyozi chenyewe, kwa kuwa hapakuwa na kiti karibu, akashika kichwa.

"Mama, mimi nilijenga hii nyumba kwa ajili yako," alisema.

"Uliijenga kwa ajili ya barabara," alisema Bi Kavenya bila ukali. "Si vibaya. Hata mimi niliringa nayo. Lakini hiki chumba ndicho umenijengea, na humu nitakaa. Ile mashine irudi ilikotoka. Kitonga, si una gari?"

"Ninalo, Mama, lakini Diani si njia ya Mkongani."

"Leo ni njia."

Ndugu hao wawili waliinyanyua mashine pamoja, mmoja huku, mwingine kule, wakaipakia nyuma ya gari, na dereva akapandishiwa nauli. Walipokuwa wanaifunga kamba, Musyoki aliacha kazi ghafla, akazunguka mpaka mbele ya nyumba, akasimama katikati ya barabara ambako watu wa sokoni walikuwa wanapita na vikapu. Alisimama pale muda, anayatazama mabati yake ya bluu yanavyomeremeta. Kathini alimwona akimeza mate.

Mwero alikuwa bado nyuma, anakusanya vipande vya kamba.

"Fundi!" Musyoki alipiga kelele, na wapita njia wakageuka. "Fundi Mwero! Upande huu wa barabara utakula makuti mangapi?"

"Wote?" Mwero aliitikia kutoka nyuma.

"Wote! Sebule, vyumba, mpaka baraza!"

Mwero akaja mbio na ngazi, akaiegemeza. Wakapanda wote wawili, Musyoki na viatu vyake vya kazini, wakaanza kuhesabu kwa sauti fito zitakazohitajika, wanabishana, mwanamke mmoja wa sokoni ametua kikapu ili asikilize vizuri. Wakafika katikati, wakapotea, wakaanza upya kwa sauti kubwa zaidi. Ndipo kutoka kwenye matundu ya chumba cha nyuma ikatoka sauti ya Bi Kavenya, nzito kwa usingizi.

"Musyoki! Hesabuni polepole huko. Watu tunalala."